Papa Bado Hajaoga

Watoto wangu wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa minne, nimewafundisha mambo mengi na mengi wameyasahau. Kunawa mikono, nawakumbusha kila siku. Kuwasalimu wakubwa, mpaka nimfinye mtu. Lakini jambo moja walilishika siku ileile: papa akitoka kazini haguswi mpaka aoge.

Muuguzi ndiye aliyetuonya, siku ya kupima watoto. Alisema vumbi la kiwandani linarudi nyumbani ndani ya nguo za baba, na mtoto analivuta akiwa amelala kifuani pake. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba hapa Likasi, upande wa asidi. Salopeti, ovaroli yake mpya ya kazi, haikumaliza mwezi kabla ya kutoboka magotini. Sikuhitaji kushawishiwa.

Mama mkwe alinuna. "Weye unafukuza baba ku batoto yake," aliniambia mbele ya majirani. "Miye nililea batoto mu kambi ya kazi, baba yabo alikuwa anaingia na vumbi yote, na banamurukia."

"Ndiyo, mama," nikaitika, kwa kuwa mama mkwe habishiwi. Moyoni nilikumbuka jinsi baba mkwe alivyokohoa mpaka tukamzika.

Na ilikuwa raha, nisidanganye. Kengele ya baiskeli ikilia nje, binti anabeba sabuni, mdogo anabeba taulo, wanakaa mlangoni pa bafu la mabati wakimharakisha. Akitoka, wanamwangusha mkekani, wanampanda mgongoni, bukari, ugali wetu, inapoa, mimi nagomba huku nikicheka. Siku maji ya bomba yalipokatika alikaa nje juu ya tofali, wao ndani, wakipiga soga kupitia mlango, hadi mdogo akasinzia na taulo lake begani. Siku hiyo sikucheka. Lakini niliwazuia.

Mwaka huu, siku moja mchana, alirudi akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Walikuwa wamezuiwa getini tangu asubuhi, kundi zima, wakasimama juani, kisha wakaambiwa warudi makwao. Hakuwa amegusa chochote cha kiwanda. Shati lake lilikuwa bado na mistari ya pasi yangu.

"Kazi inaisha, mama ya batoto," akasema. "Banatufukuza bote."

Watoto wakatoka mbio. Akachuchumaa, akafungua mikono. Tangu tuoane sijawahi kumwona akihitaji kushikwa kama siku ile. Binti akamkamata mdogo wake kwa kola.

"Ngoya! Papa hayaoga."

Nikawaambia papa leo ni msafi, hata ndani hakuingia. Nikarudia kwa ukali. Mdogo alinitazama akidhani namjaribu, akarudi nyuma hatua moja, na dada yake akampongeza. Mume wangu akainuka, akasema haidhuru, akaingia bafuni.

Nimekasirika, na hasira yangu haina pa kwenda. Kiwanda kimeondoka na mshahara, kikatuachia woga wake ndani ya nyumba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama mkwe husema siku hizi, akinitazama mimi. Aseme. Katazo lile lilikuwa la haki, na kesho mume wangu akipata kazi kiwanda kingine nitaliweka tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa yuko nyumbani mchana kutwa. Anawakorogea uji, anawapeleka shule, anawatengenezea magari ya waya. Wanazungumza naye vizuri, wanamcheka akikosea nyimbo zao. Lakini kumkumbatia ni jioni tu, akitoka bafuni. Nimewaeleza mpaka nimechoka. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanamletea sabuni.

Na bomba la mtaa wetu limekauka kabisa. Maji nayafuata mbali, bidoni la lita ishirini kichwani, shingo inauma mpaka asubuhi. Kila jua likishuka, mume wangu asiye na kazi wala vumbi hunijia jikoni kuniomba ndoo moja, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Maji ya kupikia yakipungua, yapungue. Namjazia mpaka juu.