Wimbo wa Friza

Mimi ni mpakaji hina wa Msambweni, na kimya hakijapata kuniweza. Hata nikichora ua mkononi mwa bibi harusi, mdomo wangu uko kazini vilevile. Ndio ulioniponza.

Binti wa dada yangu mkubwa, anayefanya kazi hotelini Diani, ndiye aliyenifundisha kununua sarafu za mtandaoni. Sarafu nzima ningeitoa wapi? Nilinunua vipande, vijisenti kidogo kila nilipotoka kupaka hina. Nilitaka friza, niiweke barazani, niwauzie barafu za ukwaju watoto wanaotoka madrasa, mgongo huu upumzike kuinamia miguu ya watu. Bei ilipopanda nilitamba kama mimi ndiye niliyeipandisha. Iliposhuka nilimpigia yule binti simu nikamgombeza.

Wifi yangu, dada ya mume wangu tunayeishi naye ua mmoja, alinicheka hadi basi. "Pesa huzioni, huzishiki, nawe wasema unazo," aliniambia. "Basi mimi nami nina ghorofa Mombasa, ila halionekani."

Ile pochi ya simuni zinamokaa sarafu hizo ilikuja na ufunguo wake: maneno kumi na mawili ya Kizungu yasiyojuana, mara chura, mara ngazi, mara limau, mara mjomba. "Anayeyajua kwa mpangilio wake, pesa ni zake," binti alinionya. "Usiyapige picha, mama mdogo, wala usimwambie mtu."

Karatasi siziamini, nyumba yetu ina mchwa. Basi niliyatia katika mahadhi ya ngoma ya harusi, nikayaimba nikikuna nazi, nikifua, nikianika. Mtu sikumwambia. Kwangu mimi, kuimba hakukuwa kusema.

Ikafika siku ya hina ya binti wa jirani. Nilipommaliza bibi harusi, wanawake walisema mganga hajigangi, wakanikamata wakanipaka mikono yote miwili hadi vifundoni. Nikakaa nimeinyanyua, nangoja ikauke. Hapo wifi yangu akajitosa katikati ya ngoma. "Nina wimbo mpya, wa Kizungu!" akatangaza, akauanza.

Ulikuwa wangu. Maneno yote kumi na mawili, kwa mpangilio wake, hakuruka hata moja. Wanawake wakaitikia kwa vigelegele, na binamu wa bibi harusi akawa ameinua simu anarekodi, ati aurushe mtandaoni watu waone harusi ya Msambweni. Subhanallah. Friza yangu ilikuwa ikichezwa na ukumbi mzima, nami sijui nilie au nicheke.

Nilimsukuma wifi kwa kiwiko hadi jikoni, nikamweleza. Akashika mdomo.

"Kumbe zipo kweli?"

"Zipo, na umeziimba zote."

Mikono yangu ilikuwa hina tupu, simu iko kifuani. Aliichomoa yeye, akampigia yule binti wa Diani, na kwa maelekezo yake akafungua pochi mpya na kuzihamishia pesa humo. Maneno mapya yalipotokea alijifunika uso kwa mtandio. "Sitaki kuyaona, nitakuja kuyaimba tena!"

Nilicheka hadi hina ikachafuka. Nikamwambia, "Sita ya mwanzo yashike wewe. Sita ya mwisho nionyeshe mimi." Akasoma yake, kisha akafumba macho na kunigeuzia simu.

Muda si mrefu ile simu ilinitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Niliponunua nyingine, pochi ilidai ufunguo, na wangu ulikuwa nusu. Nilimwendea wifi. Mtu aliyekuwa akinicheka, angeyakumbuka vipi? Akafuta mikono kwa leso, akayataja sita yake bila kusita.

"Nayasema kila nikimaliza swala ya alfajiri," aliniambia. "Kimya kimya, nisikuharibie tena."

Nilimkumbatia pale pale uani, na machozi yakanitoka, sioni haya kusema.

Friza iko barazani sasa. Ule wimbo wa zamani bado unaimbwa kwenye harusi za huku, nami hucheza nao kwa raha zangu. Barafu ya kwanza nilimpa wifi yangu. Alilalamika kwamba sukari haitoshi.