Herufi Alizokariri Kate

Wivu uliomla Awino haukumhusu mume. Joab, mumewe, alikuwa fundi wa reli kule Voi, na hakuna mwanamke aliyemtaka ila Awino mwenyewe. Wivu ulikuwa wa jirani wa ghorofa ya chini pale Kibokoni, Mombasa, Bi Zakiya, mjane mwenye meza ya mabuyu na achari karibu na Ngome ya Yesu. Kisa chenyewe kilikuwa macho ya mtoto.

Kate, binti yao wa miaka minane, alibadilishiwa miwani kila mwaka, na kila mwaka vioo vilizidi unene. Daktari akasema wazi: mtoto atolewe nje mchana, kama saa mbili nzima kila siku, atazame mbali, na simu ipunguzwe, la sivyo macho yatazidi kushuka. Awino hutoka ofisi ya mizigo bandarini jua limezama. Bi Zakiya akajitolea. Kate akitoka shule alikwenda mezani kwake, akaruka kamba pale uwanjani mpaka jioni.

Baada ya miezi sita daktari akapima, akakuta macho hayajashuka. "Huyo anayemtoa nje mshukuru sana," akamwambia Awino. Na aliyeomba ruhusa kazini akapanga foleni tangu alfajiri je? Hakutajwa. Nyumbani nako wimbo ulikuwa mmoja: Bi Zakiya kasema hivi, Bi Zakiya kanisuka vile. Awino aliungua roho.

"Kuanzia leo nitamtoa mwenyewe," akamwambia jirani pale ngazini.

"Haya, Mamake Kate. Lakini jua halitakungoja utoke kazini."

Na kweli halikumngoja. Kate akawa anashinda ndani na simu. Siku ya kupimwa ilipokaribia, Awino akaingiwa na hofu: macho yakishuka, Bi Zakiya atakuwa ameshinda. Hapo akafanya jambo la mtu aliyelelewa kwa mitihani. Kliniki alikuwa ameupiga picha ule ubao wa herufi za kupimia macho. Akaichapisha, akaibandika jikoni, akamkaririsha mtoto kila jioni mpaka akazijua herufi zote kichwani. Siku yenyewe daktari hakuwapo. Muuguzi akampima kwa ubao tu, akaandika kuwa macho ni yaleyale. Awino akapanda ngazi akiimba kwa sauti, wa chini asikie.

Wiki iliyofuata aliachiliwa kazini mapema. Kutoka ng'ambo ya barabara, karibu na Ngome, akamwona Kate akirudi nyumbani na mkoba wake wa shule. Akampungia mkono, kicheko hadi masikioni. Kate akamtazama usoni, kisha akageuka. Bi Zakiya akaita kutoka mezani, "Kate, ndoo mwanangu!" Mtoto akaifuata sauti mbio, akamshika buibui.

Awino alivuka barabara kwa hasira. "Umeniona ukanipa mgongo! Mimi, mamako!"

Kate akashtuka. "Ulikuwa wapi, mama?"

"Pale! Nimekupungia mkono!"

"Niliona mtu. Sikujua ni wewe."

"Si mulisema macho yako sawa?" Bi Zakiya akauliza polepole.

Awino akanyoosha kidole kwenye kibao cha kinyozi upande wa pili, kimeandikwa KINYOZI kwa herufi nyekundu, kubwa za kutosha kusomwa na mpita njia yeyote. "Soma pale, Kate."

Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akakunja macho, kisha akaanza kwa sauti ya kujiamini: "E, F, P, T, O, Z..."

Bi Zakiya akamgeukia Awino. Kate alikuwa ameshafika mstari wa nne na hakuna aliyemkataza.

"Nimemfundisha mimi," Awino akasema, uso chini. "Nilikuwa nakuonea wivu. Sikutaka usifiwe wewe."

Akamvuta mtoto, akamfuta miwani kwa ncha ya blauzi yake, akamrudishia usoni.

"Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari, nimwambie ukweli," akasema. "Akitoka shule, Bi Zakiya, tafadhali mchukue."