Mjomba wa Stelingi

Mjomba wangu Kondo hajawahi kuangalia picha hadi mwisho bila kuikosoa. Tena huikosoa kwa sauti, na ukimwambia anyamaze anakuuliza kama umelipia kiti chako au umelipia mdomo wake. Ni mkulima wa Kinole, wa ndizi, mananasi na karafuu kidogo. Kila akileta mzigo mjini anauteremsha hapa Msamvu kwenye meza yangu, maana mimi ndiye ninayemuuzia. Halafu anakung'uta kofia na kwenda kuketi kwenye banda la video la Mama Devotha, nyuma ya stendi, aangalie picha moja kabla gari la kurudi mlimani halijajaa. Anasema haendi kwa starehe. Anakwenda kukagua.

Acha nikupe maoni yake, kwa sababu nimeyasikia mno na sioni kwa nini niyabebe peke yangu. Picha za Kichina za zamani, zile za kupigana kwenye majumba ya mbao, anazisifia kwa jambo moja tu: maadui wake wana adabu. Stelingi, yaani shujaa wa picha, anazungukwa na watu uwanja mzima, lakini wanamwendea mmoja mmoja, wengine wanasubiri zamu kwa utulivu ambao Mjomba hajawahi kuuona hata zahanati. Za Kihindi anazipenda kwa nyimbo, ila hakubali ndugu wawili wapoteane utotoni waje kutambuana ukubwani kwa wimbo. Kinole, anasema, mtoto akipotea asubuhi, kabla ya adhuhuri ameshatambuliwa kwa pua ya bibi yake na kurudishwa kwao na kofi juu. Hizi mpya za mijitu inayoruka angani ndizo zinazomchosha kabisa. Mtu anayeweza kunyanyua basi zima kwa mkono mmoja anakaa mjini kufanya nini? Aje Kinole msimu wa mvua, magari ya mananasi yakikwama, tuione faida yake.

Na za mizimu je? Mzungu akisikia kishindo darini anachukua tochi na kupanda kuangalia. Mluguru akisikia kishindo darini anahamia kwa dada yake, na picha imekwisha hapo hapo, watu wanaokoa umeme.

Lakini hayo yote ni pembeni. Kwa Mjomba Kondo, kosa kubwa la picha zote duniani ni moja: hazina mjomba. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama. Shamba ni la ukoo wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni kaka wa mama. Baba anapendwa, anapikiwa, anaheshimiwa, ila kwenye kikao anakaa pembeni. Kwa hiyo tajiri wa kwenye picha akifa, watoto wake wakaanza kuuana kwa ajili ya kampuni, Mjomba anashika kichwa: kwani dada wa marehemu hana watoto? Msichana akitoroka na jambazi, anauliza kwa nini wanatuonyesha baba analia badala ya kumtafuta mwenye uamuzi.

Sasa, aliyekuwa akizitafsiri picha hizo kwa Mama Devotha ni Ahmadi. Wengine hurekodi sauti zao kwenye diski zikauzwa, lakini Mama Devotha alitaka mtu wa kukaa pale pale kando ya runinga na kipaza sauti, kwa sababu wateja wake wanapenda kubishana na mtu wanayemwona. Ahmadi kwao ni Tabora. Baba yake aliwaleta huku alipokuja kwenye mashamba ya miwa. Ana Kiingereza cha sekondari, Kihindi cha kubahatisha, na Kichina hajui hata salamu, lakini hakuna picha iliyowahi kumshinda. Alikuwa akija mezani kwangu kununua nanasi na kuniomba nilikate taratibu. Mtu mwenye njaa haombi hivyo. Nikaelewa, na baada ya muda tukakubaliana kuoana, ila Mjomba alikuwa bado hajaambiwa.

Wakakutana wenyewe, kwa bahati mbaya. Siku hiyo picha ilikuwa mpya, ya mfalme wa nchi ya barafu. Mfalme anakufa kwa sumu, ndugu yake anakalia kiti, kisha anataka kummaliza mtoto wa marehemu. Ahmadi akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mjomba katili anapanga kumuua mpwa wake.

Mjomba Kondo akainuka, akasimama mbele ya runinga. Akataka picha isimame. Akalieleza banda zima, kwa utaratibu wa mtu anayetoa ushahidi, kwamba yule ni ndugu wa kiume wa marehemu, kwa hiyo ni baba mdogo, na wasimchanganyie watu. Mjomba hawezi kuua kwa ajili ya mali ya shemeji, kwa sababu mali ya shemeji haimfikii hata akiua kijiji kizima. Isitoshe mpwa ndiye mrithi wake. Nani anaua mrithi wake? Vijana wakapiga makofi.

Mjomba akatoka, akaja mezani kwangu, akaniambia kuwa yule kijana ni mwongo, na mtu anayemsingizia mjomba hadharani hafai kuachiwa hata mbuzi. Nilikuwa nakata tikiti maji. Nikakata na kidole.

Maana posa ya Ahmadi ingekwenda kwake, si kwa baba yangu. Baba alishampenda Ahmadi, mama pia, lakini kupenda kwao kulikuwa ni sawa na kushangilia mpira. Mwamuzi ni Kondo. Na mimi sina kaka, yeye hana ndugu wa kiume. Upande wa wanaume, ukoo wetu mzima ni yeye na kofia yake. Akisema hapana, hakuna wa kukata rufaa kwake.

Nilipomweleza Ahmadi yule mzee ni nani, alikaa kwenye kreti la soda akasema kazi ipo. Sikumtuma kufanya alichofanya. Nililetewa habari na Mjomba mwenyewe, aliyekuja mezani siku moja akiwa ametulia kuliko kawaida yake, akaniambia kuwa ameona picha ya komandoo, na komandoo ana mjomba.

Kumbe Ahmadi alikuwa ameanza kuwagawia watu wajomba. Yule kamanda mwenye mvi anayemtuma komandoo porini akawa mjomba, na kila akipiga simu ya upepo alianza na "Mpwa wangu, umekula?" Kwenye picha ya watu wanaosafiri angani, ile sauti ya kompyuta inayowaonya kuhusu hatari ikawa mjomba anayepiga kutoka nyumbani. Halafu ikaja picha ya mtu mmoja aliyetupwa kisiwani, hamna binadamu mwingine hata wa dawa. Nilijua hapo ameshikwa. Ahmadi akasogeza kipaza sauti, akasema, "Hapa anakumbuka maneno ya mjomba wake." Picha nzima yule mtu hakufungua mdomo, na mjomba wake hakuufunga.

Mjomba Kondo akabadilika. Huko Kinole, kwenye kahawa baada ya sala ya alasiri, akawa anawatangazia wazee wenzake kwamba Wazungu wameanza kustaarabika. Aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee wa Kichina mwenye ndevu nyeupe, anayemlea yatima na kumfundisha kupigana. Ahmadi alimfanya mjomba bila kuiangalia picha mpaka mwisho, na mwisho ndio ulikuwa na balaa, kwa sababu yule mzee ndiye aliyemuua mama wa mtoto. Walipoanza kupigana, Ahmadi akasema mjomba anampima kama amehitimu. Kijana alipomchoma mkuki na mzee akaanguka chali, Ahmadi akasema, "Mjomba amechoka na safari. Amelala." Mjomba Kondo alifuta machozi pale pale kwenye benchi. Aliniambia hajawahi kuona mjomba mchapakazi kama yule.

Hapo nikaona mambo yamekaa sawa. Wazee wa Ahmadi wakapanda Kinole na posa, Mjomba akawapokea vizuri, akawapa ndizi za kubeba. Akasema atatoa jibu akirudi kutoka Dar es Salaam, anakokwenda kuuza karafuu.

Yaliyotokea kwenye basi wakati wa kurudi nilisimuliwa na Mjomba kwa hasira na kondakta kwa furaha. Kwenye runinga ya basi waliweka picha ile ile ya mzee wa ndevu, iliyotafsiriwa na mtu mwingine, kwenye diski. Mjomba alifurahi kama aliyekutana na jirani. Akajitolea kuwaeleza abiria huyu ni nani kwa yule na nini kinafuata. Sauti ya kwenye diski ikamwita mzee "adui." Mjomba akawaambia abiria wasimsikilize. Sauti ikasema mzee ndiye aliyemuua mama wa stelingi. Mjomba akasema hiyo si kweli, mtu haui dada yake. Walipofika Mikese mkuki ukaingia, sauti ikatangaza kwamba adui amekufa na damu ya mama imelipwa, na Mjomba Kondo akasimama kwenye njia ya basi akawaambia watu kwa upole kwamba hajafa, amelala.

Basi likacheka kutoka Mikese hadi Msamvu. Mama mmoja ambaye hakucheka alimuuliza kama anasafiri na mtu wa kumwangalia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alipita mbele ya meza yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, na kwa jinsi kofia ilivyokaa nikajua posa yangu iko hatarini. Nikaacha mananasi nikamfuata. Watu walikuwa wakinipisha njia kwa heshima isiyo ya kawaida, na nilipofika mlangoni kwa Mama Devotha ndipo nikagundua bado nimeshika kisu.

Ndani picha ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ya msichana wa Kizungu anayetaka kuolewa. Mjomba akakaa benchi la mbele kabisa.

"Leo sema kama wanavyosema wao," akamwambia Ahmadi. "Usiongeze, usipunguze."

Ahmadi akaniona mlangoni, akaelewa. Akatafsiri. Msichana anamwambia baba yake kuwa amepata mchumba. Baba anasema vizuri. Rafiki yake anasema vizuri. Wanakwenda kununua gauni. Ahmadi aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya mabasi, na banda likaanza kunung'unika. Kijana mmoja wa stendi, mtu wa Iringa, akauliza mjomba wa bibi harusi yuko wapi. Ahmadi akajibu kuwa hayumo. Mwingine akasema haiwezekani, amtafute vizuri. Wa nyuma wakadai wameshalipa na wanamtaka mjomba wao. Hata Mama Devotha, mtu wa Moshi, akasema kutoka mlangoni kwamba harusi ya namna hiyo ni ya kitoto, haina mwenyewe.

Mjomba Kondo akageuka, akawaangalia wote. Kisha akaomba picha izimwe kidogo.

"Kwa nini uliwaweka?" akauliza.

Ahmadi akaweka kipaza sauti chini. "Mwanzoni nilikuwa nakuogopa, mzee wangu. Namtaka mpwa wako Mwanvita, nikaogopa utanikatalia. Baadaye nikawa nawaona kabisa. Mtu yuko kisiwani peke yake, hana wa kumuuliza kama amekula. Namhurumia."

Mjomba alivua kofia, akaishika magotini, na nilipomwona hivyo moyo wangu uliniuma, kwa sababu bila kofia anaonekana mzee.

"Mwanvita hana kaka," akasema. "Watoto wake watakaozaliwa hawana mjomba. Mimi nitawashikia kwa muda, nikiwa babu yao, halafu sitakuwepo. Nakuja hapa naangalia hizi picha, nawaona ni wao. Kila picha nawaona ni wao."

Miaka yote hiyo nilidhani anabishana na Wazungu. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Nikiondoka, uniweke. Wakiugua, wakija kuposwa, wakigombania shamba, useme mjomba wenu wa Kinole angesema hivi. Nitakachosema unakijua, umeshanisemea mno humu ndani. Lakini nikifa uwaambie nimekufa. Watoto wa ukoo wangu usiwadanganye kwamba nimelala."

Ahmadi, ambaye hakuwahi kukosa neno hata kwa Kichina, safari hii alitumia mawili tu.

"Nitakuweka, Mjomba," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Mjomba Kondo hakumsahihisha. Alivaa kofia yake, akamwambia Mama Devotha awashe picha, lakini kuanzia mwanzo, na safari hii bibi harusi aulizwe kwanza kwao ni wapi. Mimi nilisimama mlangoni nikilia mbele ya watu wote wa stendi, mikono yangu inanata nanasi, na sikuona haya hata kidogo.