Mbuzi Ambaye Hakuwapo Barabarani

Kabla ya Jumamosi ile nilikuwa mtu wa kutembea. Ninafundisha katika chuo cha ualimu mjini Moshi, na kila mwisho wa mwezi nilipanda kwa miguu kutoka barabara ya lami hadi kwa wakwe zangu Kirua Vunjo, nikikatiza mashamba ya migomba na kuruka mifereji bila kupumzika. Nilijivunia miguu yangu. Ninawaandikia ninyi mnaokwenda kwenye sherehe na kurudi kwa gari, ili mjue jinsi mguu mmoja ulivyokaribia kuniacha, na mkono wa nani ulihusika.

Tulikuwa na kipaimara cha binti wa wifi yangu huko kwa wakwe. Mbege haikukosekana. Kwetu kuna kauli niliyoisikia tangu utotoni, na nimewahi kuirudia mwenyewe nikicheka: mbege si pombe, ni chakula. Shemeji yangu Aminiel, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyekuwa dereva wetu. Baada ya kata mbili alisema inatosha, kwa kuwa anaendesha. Wazee wakamcheka.

"Mwanamume gani anaogopa ndizi na ulezi?" alisema baba mkubwa, kaka wa baba mkwe wangu. "Huo ni uji! Mwalimu, hebu mpe wewe. Hawezi kumkataa shemeji yake."

Nami nikampa. Nilikunja goti kidogo, nikamkabidhi kata kwa mikono miwili. Aminiel alinitazama, akatikisa kichwa. "Kwa heshima yako tu, shemeji." Akainywa yote. Baada ya hiyo hakukataa tena kata ya mtu yeyote.

Saa kumi alasiri tuliondoka wawili. Mume wangu alibaki kumaliza mambo ya wageni. Nyuma ya viti kulikuwa na ndoo ya mbege ya kupeleka mjini. Kwenye kona ya pili ya mteremko, Aminiel akiwa anaimba, barabara ilipinda na gari halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja, likagonga kingo za mfereji na kulala ubavu.

Nilisikia mfupa wangu ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Mfupa wa muundi ulikuwa umechana ngozi na kutokeza nje, mweupe. Kisha ile ndoo ikamwagika. Mbege ilinitiririkia kichwani, ikaingia puani na mdomoni, ikashuka hadi kwenye jeraha lililo wazi. Aminiel alitoka na mchubuko wa paji la uso. Alikaa kwenye nyasi, akatapika, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, kisha akauliza, "Ndoo imepona?" Sijapata kusikia swali la kunichefua kuliko hilo.

Majirani walinitoa. Polisi wa barabarani walifika wakampulizisha kipima ulevi, naye akasonya mbele yao kana kwamba wao ndio walevi.

Hospitalini daktari aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Mama, umekunywa kiasi gani?"

"Sijanywa," nilimjibu. "Nimemwagiwa."

Walichokitoa kwenye jeraha langu ni makapi ya ulezi. Waliyaosha, wakayachokoa, na bado mengine yalibaki ndani. Siku ya nne mguu ulivimba na kung'aa. Usaha ulitoka wa kijani, wenye harufu iliyomfanya binti yangu Neema afungue dirisha akijifanya anatazama mlima. Nililala na vyuma vilivyopenya ngozi na kuushika mfupa kwa nje, na nzi walinifuata mimi tu katika wodi nzima.

"Tunaupigania," daktari aliniambia. "Lakini uchafu ukivuka goti, nitaukata. Sitakudanganya."

Niliingia chumba cha upasuaji mara tatu. Walinichuna ngozi ya paja wakaibandika kwenye muundi.

Wiki ya sita, wakati homa ilipokuwa imeanza kushuka, ukoo ulikuja. Baba mkubwa alitangulia, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Nyuma yake alikuwa mama mkwe wangu na chombo cha mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Mchagga anajua: anayeletewa isale na kuombwa msamaha hakatai.

"Mwalimu," alisema baba mkubwa, "damu haiendi mahakamani. Kile kipimo cha polisi wakili atakishughulikia. Wewe useme tu kwamba mbuzi alikatiza barabara."

"Mbuzi gani, baba?"

"Mbuzi tu. Wako wengi."

Mama mkwe alikuwa akinikorogea mtori. "Ni mdogo wa mume wako," alisema taratibu. "Atafungwa."

Nilitazama mguu wangu uliokuwa ukinuka, nikaitazama ile midomo iliyosema kwamba mbege ni uji, sasa ikimtengeneza mbuzi. Nilipokea jani kwa mikono miwili. "Isale nimelipokea. Aminiel nimemsamehe, na sitamdai kitu. Lakini huyo mbuzi simfahamu."

Waliondoka na chombo cha mtori kikiwa bado kimejaa.

Niliingia mahakamani kwa magongo. Hakimu aliuliza mshtakiwa alinywea wapi. Nikasema, nyumbani kwetu. Akauliza nani alimpa. Nilijua swali hilo lingekuja, na kwa wiki nyingi nililiogopa kuliko kisu cha daktari.

"Wengi walimpa," nilisema. "Alipotaka kuacha, aliyempa kata ya tatu ni mimi."

Aminiel aliinamisha kichwa. Alihukumiwa kifungo na kuzuiwa kuendesha gari kwa miaka kadhaa. Mimi sikufungwa, lakini wakwe zangu walikaa muda mrefu bila kuitikia salamu yangu. Mume wangu aliendelea kuniosha kidonda kila asubuhi, kimya. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake.

Leo natembea. Ninachechemea, na baridi ya mwezi wa saba huniuma mfupa, lakini natembea. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuziba pua mbele yangu, na Aminiel, ambaye alipotoka alikuja mwenyewe bila jani wala mzee wa kumsemea, akasema, "Shemeji, nilikuwa nimelewa." Sentensi hiyo moja ilitosha.

Ushauri wangu ni mfupi. Msimsingizie mbuzi. Na wewe unayemimina, usijione msafi.

Krismasi iliyopita nilikabidhiwa kata tena. Kabla ya kumpa yeyote nilisema, "Kwanza ufunguo wa gari." Baba mkubwa alicheka. "Mwalimu, unaleta sheria za mjini kwenye chakula?"

Nilipandisha sketi hadi kwenye goti, nikamwonyesha chakula hicho kilipopitia. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo.