Herufi Kubwa Nilizoziondoa

Dada yangu mkubwa alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya ushirika, Singida Mjini. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mazao, ushirika uliyumba, naye akapunguzwa kazi. Akapanga kibanda karibu na stendi, akawa anachapia watu barua na mitihani. Mimi nilikuwa fundi kompyuta. Nilimtafutia kompyuta kuukuu, nikaiwekea Linux, mfumo unaotolewa bure na kutengenezwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali.

Baadaye nikajiunga nao. Nilipewa kutunza sura ya mfumo huo: madirisha, vitufe, menyu, yote anayoyaona mtu akiwasha kompyuta. Nikitoka kazini nilipitia intaneti kafe, nikasoma malalamiko ya watumiaji na kurekebisha. Sikulipwa, lakini nilijiona nami ni mtu.

Kulikuwa na sehemu ya kukuza herufi. Kila toleo jipya lilipokuja iliharibika, nami nikaihangaikia peke yangu. Mwishowe nikawaandikia wenzangu kwa Kiingereza: kuna anayeitumia? Wiki mbili, kimya. Nikaiondoa, nikajisikia kama mtu aliyetua mzigo. Toleo hilo lilipotoka nilimwekea dada Jumapili moja, yeye akiwa kanisani.

Mwezi uliofuata nilimkuta kaifunika kompyuta kwa kanga, anachapa kwa taipureta yake ya zamani. Ile hakuhitaji kuitazama. Vidole vilijua njia.

"Shikamoo, dada. Kompyuta ina nini?"

"Marahaba. Haina kitu. Nimeizoea tu hii."

Nikaamini. Wateja waliotaka kazi ya kompyuta walihamia kwingine. Kabla ya mvua kuanza alifunga kibanda, akauza kompyuta, akarudi kwetu Kinyangiri.

Nilipokwenda Krismasi nilimkuta uani anachambua choroko kwa kupapasa. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa, la pili likiona ukungu. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Tukiwa tunaongea, akaniuliza bila ugomvi:

"Hivi zile herufi kubwa zilikwenda wapi? Nilidhani nimebonyeza kitu nikakuharibia. Nikaona aibu kukwambia."

"Niliziondoa mimi, dada."

Mikono yake ikasimama. "Ungeniuliza."

Nikamwambia niliuliza, nikaanza kumweleza habari za mtandao na wale wenzangu.

"Aa," akasema, akaendelea na choroko zake.

Nilirudi mjini nikairudisha ile sehemu. Ilinichukua miezi mitatu. Mtu mmoja wa nchi ya mbali aliandika kunishukuru: sasa mama yake mzee anasoma barua mwenyewe. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikainuka, nikaondoka bila kumjibu.

Dada sikumwambia kwamba nimezirudisha. Zingemsaidia nini? Safari iliyofuata nilisimama mlangoni pake, naye akageuza uso upande wangu, akangoja niseme neno ajue ni nani.