Tofali Zangu Chini ya Pikapu

Pale Tinde hakuna mwanamke aliyenishinda kufyatua tofali, na nilihakikisha kila mtu anajua. Jiko la nje nililijenga mwenyewe kwa tofali mbichi, zile za kukausha juani. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini kwa tofali nilijiona fundi mkuu wa jimbo zima.

Mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea karanga hadi Shinyanga mjini. Springi ya nyuma ikakatika. Asubuhi akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki pale uani, kisha akachukua panga.

"Naenda kukata magogo ya kuegemezea. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake."

"Magogo ya nini? Tofali zangu zimebeba jiko miaka mitatu. Zitashindwa na hicho kigari chako?"

"Tofali mbichi, mama watoto?"

"Sema tu huitaki kazi ya mkono wa mwanamke."

Maskini, alitaka amani. Tukazipanga chini ya ekseli, akashusha gari, likakaa, akatoa jeki. Nililizunguka nikijivuna kama mwenye ng'ombe mia. Yeye akaingia chini, ikabaki miguu tu nje.

Sasa siku hiyo mama yangu mzazi alikuwa anakuja. Nikachota maji, nikanyunyizia uwanja ili nifagie. Kwenye tofali nikamwaga ndoo nzima, maana zikilowa huwa nyekundu, nami nilitaka mama azione.

Mara mama huyo, anapita kwenye uzio wa minyaa, kapu kichwani. Moyo ukanipasuka. Wala si kwa ajili ya gari, ni kwa ajili ya ile miguu! Kwetu mwanamume halali chali mbele ya mama mkwe wake.

"Baba watoto, toka! Mama huyo!"

"Mwambie nakaza nati."

"Utamwonyesha mama nyayo? Toka!"

Nikamshika vifundo, nikamvuta. Akatoka akinung'unika, grisi mpaka masikioni. Hajamaliza kuchuchumaa amwamkie mkwe, tofali zikamomonyoka, gari likashuka pu! pale pale kilipokuwa kifua chake.

Mama akatua kapu.

"Mwangaluka," akasema, kama Msukuma yeyote asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," mume wangu akamwitikia mama mkwe, sauti ya kuku aliyenyeshewa.

Mama alinisifu mchana kutwa: binti yake ana macho, ameona tofali zinaachia, akamwokoa mumewe. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu asiyependa sifa.

Mume wangu hakunisema. Alichukua panga, akarudi na magogo manene, akainua gari upya, akayapanga mawili mawili kwa kukingamana. Akalishusha juu yake, akalisukuma kwa bega kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Ndipo akaingia.

Nikaona nimpelekee maji ya kunywa, kata moja tu.

"Simama hapo hapo," akasema kutoka chini. "Nitatoka mwenyewe niyafuate."