Jaji Niliyemfunga Miaka Minane Barazani

Nnawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa Maalim Othman, maana yeye akilieleza anaongeza chumvi, na jambo lenyewe aibu yake inatosha: mimi, mtembeza wageni wa miaka kumi na tano, nilimtia jela mama wa watu ambaye hajawahi kuiba hata sindano.

Nilikuwa nimetoka shamba la viungo la Kizimbani na mgeni mmoja, mama wa Kimarekani mtu mzima, mpole, jaji mstaafu. Tuliporudi mjini baada ya laasiri akataka kuona watu wanavyokaa barazani, nikampeleka baraza ya kwetu (hapo ndipo ningemrudisha hotelini nikaenda zangu). Tukamkuta Maalim Othman, aliyekuwa zamani akisomesha hesabu, anabishana na Mzee Haji muuza kahawa: kule Marekani, katika baadhi ya majimbo, jaji hupigiwa kura ya abaki au aondoke, na wako waliotolewa kwa kuruhusu mwanamume aoane na mwanamume mwenzake.

"Haki yao," Maalim akasema. "Watu hawataki, naye kahukumu kinyume. Aende."

"Na jaji akiogopa kura," Mzee Haji akajibu, "siku ya kesi yangu na tajiri, haki ataitoa vipi?"

Kimbelembele kikanijia, nikasema mgeni wangu ni jaji, tena wa huko huko. Wote wakageuka.

"Na Kiingereza chake wewe unakiweza?" Maalim akaniuliza.

"Naam."

Naam hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwani Kiingereza changu ni cha karafuu na iliki, nje ya shamba hakinifikishi popote. Mama akaeleza, akaeleza, mimi nikadaka maneno matatu tu: ndoa, miaka minane, na "ritenshen", ambalo masikio yangu yalisikia "ditenshen", yaani kuwekwa ndani. Nikawaambia kwa sauti ya huzuni, "Aliwafungisha ndoa wanaume wawili, akafungwa. Ametumikia miaka minane."

Maalim akavua kofia.

"Hukumu yake siitaki," akasema, "lakini mama mtu mzima kumfunga miaka minane, hilo silo. Muulize ilikuwaje."

Nikamuuliza, mama akatabasamu.

"Anasema aliipenda sana," nikasema.

Wakaangaliana. Wakataka kujua alikuwa akila nini huko ndani, mama akajibu kwamba chini ya jengo lile palikuwa na mkahawa wenye keki nzuri, nami nikafasiri hivyo hivyo (hapo hata mimi nilianza kushangaa, lakini mtu ukishaingia majini huwezi kuogopa kurowa). Mzee Haji akamletea sahani ya halua kwa mkono wake mwenyewe. "Maskini," akaninong'oneza, "jela ishamwingia kichwani."

Ndipo akavuka Bwana Jayanti, mwenye duka la vitambaa mkabala na baraza, Mhindi aliyesoma Kiingereza hasa. Akazungumza na mama kidogo, kisha akanitazama kama mtu anayetazama kitambaa kilicholiwa na panya.

"Huyu hajafungwa," akasema. "Watu walimpigia kura, akapona kwa kura chache, wakambakiza; hiyo ndiyo 'ritenshen'. Hiyo miaka minane alitumikia kazi, si kifungo."

Nilitamani ardhi inimeze, ila wao walicheka mpaka buli la kahawa likapinduka. Mama alipofasiriwa alicheka kuliko wote. Maalim akamuuliza, safari hii kwa kinywa cha Bwana Jayanti, kama anawachukia waliotaka atoke. Akasema hawachukii, kura ni yao. Ila mmoja wao alikuwa dada yake wa damu, na alimwambia mezani kwamba atamtoa, huku anampa viazi.

Maalim akavaa kofia yake. "Na mimi ningemtoa," akasema, "lakini nisingemwambia akiwa anakula."

Mama akasema hilo angelipokea.

"Basi na sisi tupige kura," Maalim akasema. "Mkalimani huyu, abaki au aondoke?"

Mikono minane ikasema niondoke, wa kwanza ukiwa wa Mzee Haji, ambaye ni mjomba wangu. Mama peke yake ndiye aliyeninyooshea mkono nibaki, Maalim akasema mgeni hana kura.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama nimefahamu, nnasema sijafahamu. Juzi mgeni kaniuliza choo kiko wapi, nikamwita Bwana Jayanti.